Torki ya Ekseli ya Mbele kwa Magari ya Zamani

Kila nati na bolti kwenye ekseli ya mbele ya pikapu au lori ina kiasi chake cha kukazwa, ambacho hupimwa kwa torki. Gari likiwa jipya, kiasi hicho hupatikana kwa wakala bila taabu. Likishatimiza miaka 30 au 40, tatizo hugeuka: namba haziadimiki, bali zimezagaa kila mahali, na nyingi kati yake ni za ekseli nyingine. Kwa hiyo kupata torki sahihi ni kazi ya utambuzi kabla ya kuwa kazi ya kupekua vitabu. Anayejua kwa hakika ni ekseli gani iliyoko chini ya gari, ni bolti gani iliyo mkononi na nyuzi zake ziko katika hali gani, amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya safari.

Ekseli kwanza, jina la gari baadaye

Pikapu za Chevrolet na GMC za mfululizo wa K, zilizotengenezwa Marekani kuanzia modeli ya 1973 hadi ya 1987, zinaonyesha hatari ya kutafuta namba kwa jina la gari. Kwa macho ya mpita njia, K10, K20 na K30 ni gari moja: bodi ile ile, boneti ile ile, na ekseli ya mbele inayoendesha magurudumu. Habu ya mbele katika zote tatu hushikwa na nati mbili zinazokaa juu ya spindo. Ya ndani hurekebisha beringi, ya nje huifunga ya ndani isirudi nyuma. Lakini kwenye K10 na K20 nati ya nje hukazwa kwa futi-pauni 160 na kuendelea, yaani takriban Nm 217, ilhali kwenye K30, yenye ekseli nzito ya Dana 60, hukazwa kwa futi-pauni 65 tu, takriban Nm 88. Gari kubwa ndilo lenye namba ndogo. Mtu akikisia kwamba kilicho kikubwa hukazwa zaidi, atakosea, na kisio lake litakuwa mara mbili na nusu ya kinachotakiwa.

Sehemu nyingine za ekseli hizo zinatofautiana zaidi ya hapo. Kwenye K10 na K20 kifundo cha usukani huning'inia kwenye boljointi mbili, ya juu na ya chini. Dana 60 ya K30 haina boljointi kabisa: kifundo chake huzunguka kwenye kingipini, na kingipini ya juu huingizwa kwa futi-pauni 500 hadi 600, sawa na Nm 678 hadi 813. Torki hiyo haifikiwi na spana ya kawaida ya gereji. Huhitaji ama spana ndefu ya malori makubwa, ama kifaa chenye gia cha kuzidisha nguvu ya mkono. Fundi aliyezoea boljointi na hajawahi kuifungua kingipini anaweza kuiona namba hiyo akadhani mchapaji ameongeza sifuri.

Basi ekseli itambuliwe kwa alama zake yenyewe. Kampuni ya Dana ilikuwa na desturi ya kuweka namba ya modeli, kama 44 au 60, kwenye chuma cha nyumba ya difu wakati wa kuisubu, na namba ndefu ya oda ikigongwa kwenye bomba la ekseli. Miongo kadhaa ya matope na kutu huzificha zote mbili. Brashi ya waya na kitambaa chenye dizeli huzirudisha. Namba hiyo ya kwenye bomba ndiyo yenye thamani zaidi, kwa kuwa inaeleza ekseli ilitengenezwa kwa ajili ya gari gani na ikiwa na vipuri gani. Kuhesabu bolti za mfuniko wa difu hakutoshi. Dana 44 ina bolti kumi, na ekseli ya General Motors yenyewe iliyoanza kuchukua nafasi yake mwaka 1977 nayo ina kumi. Kinachozitofautisha ni umbo la mfuniko: wa General Motors unakaribia duara, wa Dana una pembe zilizopinda bila ulinganifu.

Tofauti hiyo ina uzito mtu akifika kwenye pinioni. Dana 44 hutumia shimu kupanga mkazo wa beringi za pinioni, kwa hiyo nati yake hukazwa kwa torki ya moja kwa moja, futi-pauni 200 hadi 220. Ekseli ya General Motors hutumia mkono mwembamba wa chuma unaobonyea kadiri nati inavyokazwa. Hapo hakuna torki ya nati inayofaa kutafutwa. Kinachopimwa ni ugumu wa kuizungusha pinioni, na nati hukazwa kidogo kidogo hadi ugumu huo ufikiwe. Anayelazimisha namba ya Dana kwenye ekseli hii huuponda ule mkono kupita kiasi, na ukishapondeka haurudi, hununuliwa mwingine.

Afrika Mashariki gari linaloleta mkanganyiko wa aina hii mara nyingi zaidi ni Toyota Land Cruiser. Mfululizo wa 70 ulianza mwaka 1984 na bado unaundwa, jambo linalowafanya watu waamini kwamba ekseli yake ya mbele ni ile ile tangu mwanzo. Sivyo. HZJ75, iliyokuja na injini ya 1HZ mwaka 1990, ina springi za mabamba mbele na stadi sita kwenye kila gurudumu. HZJ79 iliyoanza mwaka 1999 ina springi za koili mbele na stadi tano, na ekseli yake ni nyingine. Namba ya chesisi na lile bamba dogo lililo ndani ya chumba cha injini hueleza gari lilitoka kiwandani likiwa na nini. Hazielezi lilichofungiwa baadaye. Magari ya utalii, ya mashamba na ya miradi yamekatwa, yameunganishwa na kubadilishiwa ekseli nzima kutoka kwa vipuri vilivyotumika vinavyouzwa Kariakoo au Kirinyaga Road, na bamba halina habari na hayo. Kuhesabu stadi na kutazama aina ya springi huchukua dakika moja, na kunaweza kumwepusha fundi na kitabu kisicho chake.

Kitabu kipi, na ukurasa upi

Ekseli ikishajulikana, chanzo cha kwanza ni kitabu cha matengenezo cha mtengenezaji, cha mwaka na modeli husika. General Motors ilichapisha vitabu vya malori mepesi kwa kila mwaka. Toyota iligawa vyake: injini ilikuwa na kitabu chake, chesisi na bodi cha kwake, halafu zikafuata nyongeza nyembamba kila gari lilipobadilishwa. Nyongeza hizo ndizo zinazosahaulika. Kitabu kikuu kinaweza kubeba namba ambayo nyongeza ya miaka mitatu baadaye imeibadilisha, na gari la mwaka huo likahitaji ile ya pili. Watengenezaji pia walituma nyaraka za kiufundi kwa mawakala pale walipogundua kasoro, na baadhi ya nyaraka hizo zilibadilisha torki bila kitabu kuchapishwa upya.

Chanzo cha pili ni mtengenezaji wa ekseli yenyewe, pale ambapo si yule wa gari. Dana ilizitoa ekseli zake kwa Ford, Jeep, Dodge, International na General Motors, na miongozo yake huhusu ekseli bila kujali jina lililo kwenye grili. Miongozo hiyo inaaminika kwa mambo ya ndani ya nyumba ya difu: bolti za kraunwili, vifuniko vya beringi, nati ya pinioni. Haiaminiki sana kwa yaliyo kwenye ncha za ekseli, kwani kila kampuni ya magari iliagiza vifundo, habu na breki kwa mtindo wake. Dana 44 ya Jeep na ile ya Chevrolet ni ndugu kwenye difu na hazijuani kwenye gurudumu.

Vitabu vya wachapishaji huru, kama Haynes na Chilton, ni chanzo cha tatu. Ni vizuri kwa picha na maelezo, ila hukusanya miaka kumi au zaidi ya modeli katika jalada moja, na jedwali lake la torki mara nyingine huweka mstari mmoja mahali ambapo kitabu cha kiwanda kina mistari mitatu. Mstari huo mmoja unaweza kuwa sahihi. Unahitaji shahidi wa pili.

Kuna hali moja ambapo kitabu cha kiwanda huachwa kando: kipuri kipya kinapokuwa na muundo tofauti na cha asili. Boljointi ya mtengenezaji mwingine inaweza kuwa na nati ya saizi nyingine au mhimili wenye nyuzi nyingine, na karatasi iliyo ndani ya boksi lake ndiyo inayotawala. Karatasi hiyo hutupwa pamoja na boksi katika gereji nyingi; mahali pake ni ndani ya faili la gari.

Namba na utaratibu wake

Torki ikinukuliwa peke yake, nusu ya habari imepotea. Habu ya K10 ni mfano mzuri. Nati ya ndani hukazwa kwanza kwa futi-pauni 50 huku habu ikizungushwa ili beringi zikae vizuri. Kisha hulegezwa, hukazwa tena kwa 35, halafu hurudishwa nyuma kwa si zaidi ya sehemu tatu za nane za mzunguko mmoja. Ndipo washa ya kufungia huwekwa na nati ya nje kukazwa kwa zile 160. Mwishoni habu inatakiwa iwe na mchezo wa inchi 0.001 hadi 0.010, ambao ni kama milimita 0.025 hadi 0.25. Anayeambiwa tu kwamba nati ya ndani ni futi-pauni 50, akaiacha hapo, huziua beringi kwa joto katika safari ya kwanza ndefu.

Boljointi za ekseli hiyo hiyo zina mpangilio wa lazima. Ya chini hukazwa kwa futi-pauni 70. Hufuata mkono wenye nyuzi unaozunguka mhimili wa boljointi ya juu, kwa 50. Mwisho ni nati ya juu, kwa 100. Ule mkono wa katikati ndio unaopanga mzigo kati ya boljointi mbili, na nati ya juu ikitangulia, mkono hauwezi tena kujipanga. Usukani hutoka mgumu au boljointi huchakaa upesi. Tundu la kotapini lisipolingana na mfereji wa nati, nati huongezwa kidogo hadi vilingane. Hairudishwi nyuma kamwe, kwa sababu mhimili wa boljointi ni wa umbo la pia na unashikwa kwa kuvutwa ndani ya tundu lake. Ukilegezwa hata kidogo huanza kucheza na kulila tundu.

Kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 80, nati zinazofunga mkono wa kifundo ni Nm 96, za tairodi Nm 91, na bolti za spindo Nm 47. Nati ya kurekebisha beringi ya gurudumu hukazwa kwa Nm 59, habu huzungushwa kulia na kushoto, nati hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa Nm 5.4 tu, na ugumu wa kuianza habu hupimwa kwa mizani ya springi. Nati ya nje hufuata kwa Nm 64. Nati hizo huhitaji soketi ya milimita 54. Gereji nyingi hutumia patasi na nyundo badala yake, na hapo mjadala mzima wa torki unaishia, maana nyundo haina kipimo. Soketi hiyo si ghali ikilinganishwa na spindo iliyoungua.

Vipimo vitatu kwenye mstari mmoja

Vitabu vya Kijapani vya zamani hutaja kilo-sentimita, vya Marekani futi-pauni, na vya baadaye niutoni-meta. Futi-pauni moja ni Nm 1.356, kilo-sentimita 100 ni Nm 9.8. Vitabu vinavyochapa vipimo vyote kwenye mstari mmoja vinampa msomaji njia ya kumkagua mchapaji. Kilo-sentimita 980 zinatakiwa zitoe Nm 96 na futi-pauni 71. Moja ikikataa kulingana na nyingine mbili, kuna kosa la uchapaji.

Kosa linalogharimu zaidi ni la inchi-pauni. Ile Nm 5.4 ya beringi za Land Cruiser huandikwa pia kama inchi-pauni 48. Futi ina inchi kumi na mbili, kwa hiyo anayesoma 48 hiyo kana kwamba ni futi-pauni hukaza beringi mara kumi na mbili ya inavyotakiwa. Namba yenyewe haimpi onyo lolote, kwa sababu 48 ni torki ya kawaida kabisa kwa nati ya ukubwa huo. Kila torki ndogo inayotajwa karibu na beringi isomwe pamoja na kipimo chake, herufi kwa herufi.

Bolti iliyopakwa grisi

Torki si lengo lenyewe. Kinachotafutwa ni mvutano ndani ya bolti: bolti iliyokazwa hunyooka kidogo kama mpira wa manati, na kule kutaka kurudi ndiko kunakozibana sehemu mbili zisiachane. Spana haiupimi mvutano huo. Hupima jitihada ya kuzungusha tu, na sehemu kubwa ya jitihada hiyo huliwa na msuguano, kiasi cha nusu chini ya kichwa cha bolti na asilimia kama 40 kwenye nyuzi. Inayobaki kuivuta bolti ni karibu asilimia 10. Msuguano ukibadilika kidogo, mvutano hubadilika sana.

Chukua bolti ya milimita 12 ya daraja la 8.8, yenye nyuzi za kawaida, iliyo kavu na safi. Kuifikisha kwenye asilimia 75 ya mzigo wake wa majaribio, ule ambao bolti huubeba bila kunyooka moja kwa moja, kunahitaji takriban Nm 88. Bolti hiyo hiyo ikipakwa mafuta, mvutano ule ule hufikiwa kwa Nm 66 hivi. Fundi akiipaka mafuta na bado akaikaza kwa Nm 88, ameifikisha kwenye asilimia 100 ya mzigo wa majaribio, na haikubaki akiba yoyote ya kupokea shimo la barabarani. Ikiwa badala yake nyuzi zina kutu na mchanga, spana italia kwa Nm 88 huku bolti ikiwa haijavutwa ipasavyo, na italegea.

Ndiyo maana kabla ya kuitumia namba yoyote, hukaguliwa kama imetolewa kwa nyuzi kavu au zenye mafuta. Kitabu kisiposema, hufuatwa hali ambayo bolti ilitoka nayo kiwandani, ambayo kwa kawaida ni safi na yenye ukoko mwembamba tu wa mafuta ya kuzuia kutu. Gundi ya kufungia nyuzi nayo hubadilisha msuguano, na mahali inapotakiwa kitabu hutaja. Nyuzi za gari kuukuu husafishwa kwa brashi na kwa kifaa cha kufufulia nyuzi. Bolti iliyoonekana kurefuka shingo haikazwi kwa torki yoyote, hubadilishwa.

Namba ikikosekana

Yapo majedwali ya jumla yanayotoa torki kwa kipenyo cha bolti na daraja lake. Daraja husomwa kichwani: 8.8 au 10.9 kwa bolti za milimita; mistari mitatu kwa daraja la 5 na sita kwa daraja la 8 kwa bolti za inchi za Marekani. Toyota huweka tarakimu moja kichwani, kama 4 au 7, na vitabu vyake vina jedwali la tarakimu hizo. Majedwali haya yanafaa kwa maungio ya kawaida ya chuma kwa chuma, kama mfuniko wa spindo au kishikio cha bomba la breki. Hayafai kwa boljointi, tairodi, kingipini, beringi wala pinioni, kwa kuwa huko torki hupanga kitu kingine kisichohusiana na nguvu ya bolti. Hayafai pia kwa nati za gurudumu. Land Cruiser ya 80 yenye rimu za chuma hukazwa Nm 147, na yenye rimu za alumini Nm 103, juu ya stadi zile zile. Jedwali la bolti haliwezi kuujua utofauti huo.

Spana ya torki inayolia huruhusiwa kupotoka kwa asilimia 4 juu au chini, na huwa sahihi zaidi katikati ya kipimo chake kuliko kwenye mwanzo. Kwa hiyo ile ya Nm 300 haitumiki kwa beringi ya Nm 5.4. Hupimwa upya kila mwaka au baada ya kukaza mara 5,000, na huhifadhiwa ikiwa imelegezwa hadi alama ya chini. Kirefusho kinachokaa kati ya spana na soketi hakibadilishi torki kwa kiasi cha kujali. Kirefusho kinachoongeza urefu wa mpini, kama spana ya mdomo wazi iliyofungwa mbele, huibadilisha, na namba ya kuweka hupatikana kwa kuzidisha torki inayotakiwa kwa urefu wa spana, kisha kugawanya kwa urefu wa spana na kirefusho kwa pamoja.

Baada ya kazi, yubolti za springi na nati za magurudumu hukazwa tena gari likishatembea kilomita 80 hadi 160, zikiwa zimepoa, kwa namba zile zile za mwanzo. Nati zenye kotapini na nati za beringi zilizofungwa kwa washa haziguswi katika ukaguzi huo. Huangaliwa tu kama kotapini imekaa na kama washa imekunjwa.